Miguu Inavimba Jioni: Je, Nimeze Dawa ya Kukojosha?

SWALI: Daktari, naomba msaada. Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Uyole, Mbeya, nauza viazi mviringo katika soko la Mwanjelwa. Kwa miezi kadhaa sasa miguu yote miwili inavimba ifikapo jioni hadi viatu vinanibana, na asubuhi hunywea. Natumia amlodipini kwa ajili ya presha, na magoti yakiuma hununua diklofenaki kwenye duka la dawa. Jirani amenipa vidonge vyake vya kukojosha, furosemaidi, na kunishauri nipunguze kunywa maji. Nifanyeje?

JIBU: Mama, vidonge vya jirani mrudishie kwanza. Furosemaidi humsaidia sana mgonjwa ambaye moyo au figo zimeelemewa, lakini huondoa pia potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka mno mapigo ya moyo huvurugika. Kunywa maji nako usikupunguze kwa kubahatisha, kwani kinachoyang'ang'aniza maji mwilini mara nyingi ni chumvi.

Jioni, bonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi kwa sekunde kumi hivi, kisha uachie. Pakibaki kishimo, hayo ni maji yaliyopenya kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kutuama chini ya ngozi. Anayesimama kutwa nyuma ya magunia, au anayekaa kwenye basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, safari inayozidi kilomita 800, huvimba hivyo kwa sababu misuli ya miguu haisukumi damu kurudi juu.

Kwako wewe, hata hivyo, nazishuku zaidi dawa. Amlodipini hutanua mishipa midogo inayopeleka damu, hivyo maji huvuja kwa urahisi kuzunguka vifundo vya miguu, na uvimbe wa aina hii hausikii sana dawa za kukojosha. Diklofenaki nayo hufanya figo zizuie chumvi na maji, tena hupandisha presha ile ile unayoitibu. Usiache amlodipini kwa uamuzi wako; nenda kliniki ukiwa na pakiti za dawa zote, ili daktari apunguze dozi au akubadilishie, na akutafutie njia nyingine ya kutuliza magoti. Omba pia kupimwa protini kwenye mkojo na utendaji wa figo, kwa kuwa presha ya muda mrefu huziharibu kimyakimya.

Wakati huo huo, inua miguu juu ya mto unapopumzika, na utembeetembee sokoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya kuungia mchuzi. (Chipsi za jioni, ambazo kwetu Mbeya hazikosi, nazo zimo kwenye hesabu hiyo.)

Usingoje siku ya kliniki iwapo mguu mmoja tu utavimba ghafla na kuuma, au ukikosa pumzi unapolala chali. Uso ukivimba asubuhi, mkojo ukatoa povu jingi au tumbo likajaa, figo, moyo na ini vichunguzwe mapema. Na kama nyumbani kuna mjamzito anayevimba uso na mikono huku kichwa kikimuuma au macho yakiona ukungu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba.