Kabla ya kutafuta kliniki ya ketamini, tafuta msindikizaji

Watu wanaojua kwamba mdogo wangu ametibiwa sonona, yaani depression, kwa dawa ya ketamini hunipigia simu usiku, wakiongea kwa sauti ya chini. Wanauliza kama kweli inasaidia, ni dola ngapi, na kama ina hatari. Hayo yote nitayajibu hapa. Ila kila anayepiga namwambia kwanza hivi: kabla hujatafuta kliniki, tafuta mtu wa kukupeleka, kukusubiri na kukurudisha nyumbani, wiki baada ya wiki. Huku Minnesota, Marekani, wengi wetu tunaishi kwa zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, na kumpata mtu huyo ni kazi kuliko kumpata daktari. Nimeona watu wakiacha tiba katikati kwa sababu hiyo tu.

Mdogo wangu alikuwa na sonona isiyosikia dawa. Madaktari husema hivyo pale mgonjwa ameshatumia walau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, yaani wiki sita hadi nane, bila nafuu ya maana. Nayasisitiza hayo ya dozi na muda kwa sababu wengi wanaonipigia walimeza vidonge wiki mbili, vikawapa usingizi, wakaviweka kabatini. Kama ndiye wewe, rudi kwa daktari wako mzungumze upya kabla ya kuwaza ketamini. Lakini kama kweli umejaribu, jua kwamba hauko peke yako wala huna kasoro. Utafiti mkubwa wa STAR*D uliofanyika Marekani, wenye wagonjwa wapatao 4,000, ulitangaza mwaka 2006 kwamba takriban theluthi moja walipona kwa dawa ya kwanza. Kwa waliofika hatua ya tatu, yaani tiba ya tatu baada ya mbili kushindwa, waliopona walikuwa kama 14 katika kila 100.

Shangazi yetu ni nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji, Tanga. Mama alipompa habari, alipiga simu papo hapo. "Ketamini? Si ndiyo tuliyokuwa tunawachoma kina mama wa operesheni? Mnamfanya nini mtoto?" Alikuwa na haki ya kushtuka. Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens kwa kampuni ya Parke-Davis, ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya usingizi mwaka 1970, ikatumika kwa majeruhi wa vita vya Vietnam. Tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali nyingi za kwetu zinaitegemea kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe, na haihitaji mashine ya gesi.

Nilimweleza shangazi tofauti ya dozi. Kwa usingizi wa upasuaji, sindano ya mshipa huanzia miligramu moja kwa kila kilo ya mwili, inaingia kwa muda mfupi. Kwa sonona, dozi iliyozoeleka ni nusu miligramu kwa kila kilo, ikipita taratibu kwenye dripu kwa dakika 40, na mgonjwa halali. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sawa mwanangu. Na presha nani anampima?" Hilo ndilo swali. Ketamini hupandisha presha, na kliniki isiyokuwa na jibu la haraka kwa swali la shangazi si ya kumpeleka mtu wako.

Matumizi yake kwa sonona hayakuanza jana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya kwanza mwaka 2000, wakiwa na wagonjwa saba tu. Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walijaribu kwa wagonjwa 18 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, na ndani ya siku moja zaidi ya theluthi mbili ya waliopata dozi walikuwa na nafuu kubwa. Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi kupitia serotonini, kemikali moja ya ubongo. Ketamini inapita kwenye glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia zaidi kupelekeana taarifa. Sonona ya muda mrefu huzidhoofisha njia kati ya seli hizo, kama vijia vya shambani visivyopitwa vinavyoota majani. Kwenye majaribio ya wanyama, ketamini imeonekana kuziotesha upya. Ubaya ni kwamba nafuu ya dozi moja huanza kufifia baada ya siku chache, kwa hiyo hurudiwa, na hapo ndipo habari ya msindikizaji inapokuwa nzito.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni dripu ya ketamini yenyewe. Haijaidhinishwa rasmi kwa sonona ingawa daktari anaruhusiwa kuitumia, na bima nyingi hazilipi. Bei ya kawaida huku ni dola 400 hadi 800 kwa dripu moja, na kwa kawaida huanza na dripu sita. Ya pili ni esketamini, dawa iliyotokana na ketamini, ya kupuliza puani, jina la dukani Spravato, iliyoidhinishwa Machi 2019. Hii bima nyingi hulipia, kwa sharti la kibali cha mapema, na ili wakupe kibali watataka orodha ya dawa zilizokushinda. Mdogo wangu alipata kwa sababu alikuwa ameandika kwenye daftari kila dawa, dozi yake, mwezi alioanza na mwezi alioacha. Anza daftari lako leo.

Yeye alipewa esketamini. Siku ya tiba hali chochote kwa muda wa saa mbili kabla ya kupewa dawa, na nusu saa ya mwisho hanywi hata maji. Anapimwa presha. Kisha nesi anampa kifaa kidogo cheupe, anapuliza mwenyewe, mara moja kila tundu la pua, anategemeza kichwa nyuma na kusubiri dakika tano kabla ya kingine. Dozi ya miligramu 84 ni vifaa vitatu. Dawa humshukia kooni, chungu, na tulijifunza kubeba peremende.

Kisha taa zinapunguzwa. Mara ya kwanza, baada ya muda mfupi aliniambia mikono yake imekuwa mirefu na sauti yangu inatoka mbali. Halafu akaacha kusema. Machozi yalimtoka bila uso wake kukunjamana, nikaogopa sana, nesi akaniambia mwache, mguse tu kama mlikubaliana. Tulikuwa tumekubaliana: nikimgusa kiganja, yeye anabonyeza kidole changu kuonyesha yuko salama. Alibonyeza. Dakika ya 40 wakampima presha tena, ilikuwa imepanda, wakaendelea kumfuatilia mpaka ikashuka. Hakuna ruhusa ya kuondoka kabla ya muda wa saa mbili kutimia tangu kupuliza, na kuendesha gari ni mwiko mpaka kesho yake, baada ya kulala vizuri.

Basi ukiombwa kusindikiza, fanya hivi. Nenda ukiwa umelala, usitoke moja kwa moja kwenye zamu. Zima simu. Usimhoji njiani kurudi kwamba ameona nini au amepona kiasi gani. Wengi hutoka wakiwa laini na wachovu, na maswali huwaumiza. Kama ni mtu wa sala, muulize mapema angependa uombe vipi, wala usimwekee mahubiri masikioni wakati dawa imemshika. Mpikie kitu chepesi kwa sababu kichefuchefu ni cha kawaida. Kaa naye jioni ile. Kesho yake mpigie.

Sasa hesabu ya muda. Ratiba ya esketamini ni mara mbili kwa wiki katika wiki nne za kwanza, mara moja kwa wiki katika nne zinazofuata, baadaye kila wiki au kila wiki mbili. Maana yake ni safari nane katika wiki hizo nne za mwanzo, za asubuhi, kwa mtu mwenye kazi. Sheria ya likizo ya Marekani nzima, FMLA, ya mwaka 1993 inakupa likizo isiyolipwa kumuuguza mzazi, mtoto au mwenzi wako wa ndoa. Ndugu wa tumbo moja hayumo. Jambo hili liliniuma, maana kwetu mdogo wangu ni mtoto wangu. Kilichoniokoa ni sheria ya Minnesota iliyoanza Januari 1, 2024: kila saa 30 unazofanya kazi zinakupa saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka, na unaweza kuitumia kumuuguza kaka au dada. Mgonjwa mwenyewe anaweza kutumia FMLA kwa vipande vipande, kama mwajiri na muda wake wa kazi vinakidhi masharti. Si lazima umtajie meneja jina la ugonjwa. Karatasi ya daktari hupelekwa ofisi ya utumishi.

Nafuu yake haikuja siku ya kwanza. Nilikuja kuiona nilipoingia kwake nikamkuta amemwaga sakafuni mfuko wa barua uliokaa nyuma ya mlango kwa miezi, anazifungua moja moja, bili huku, za kutupa kule. Hakuwa anacheka wala kuimba. Alikuwa anafungua barua. Wiki ile ile akampigia mama mwenyewe. Bado anakunywa kidonge chake na bado anaonana na mshauri wake, na namsihi kila mtu asiviache hivyo. Ketamini haisaidii kila mtu, na anayekuahidi kwamba utapona kwa hakika anataka pesa yako.

Kuhusu hatari sitakuficha. Mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, mwenye mshipa mkubwa wa damu uliovimba, mjamzito, au anayesikia sauti zisizokuwepo, amweleze daktari yote kabla ya kitu kingine. Anayeitumia sana na kwa muda mrefu anaweza kuharibu kibofu, na uraibu upo. Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya ketamini inayochanganywa kwenye famasi na kutumiwa watu wajitibu nyumbani bila uangalizi. Mwezi huo huo mwigizaji Matthew Perry alifariki, na mchunguzi wa vifo akaitaja ketamini kuwa chanzo kikuu. Alikuwa amepata dripu kliniki, lakini iliyokutwa mwilini haikuwa ya dripu ile. Kwa hiyo ninyi mlioko nyumbani, ambako ketamini imejaa vyumba vya upasuaji, nawaomba: usimwombe binamu yako nesi akuchome kwa siri. Nenda kwa daktari wa akili, Muhimbili, Mirembe, Mathari, Butabika, popote ulipo. Na ukiwa Marekani na mawazo ya kujiua yamekujia, piga 988 sasa hivi, usisubiri kibali cha bima.

Wengine huniuliza juu ya kiwewe cha vita, hasa ndugu zetu kutoka Kongo. Jaribio lililoongozwa na Adriana Feder huko New York, lililochapishwa 2014, lilionyesha nafuu ya muda mfupi, lakini idhini rasmi ya esketamini mpaka sasa ni ya sonona.

Mimi peke yangu nisingeweza zile wiki za mwanzo. Nilikwenda kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Kikundi ambacho kinaweza kuchanga maelfu ya dola kwa siku tatu kusafirisha maiti kinashindwaje kumpeleka mtu aliye hai kliniki? Mama mmoja wa kikundi alijitolea Alhamisi, mimi nikabaki na Jumatatu. Mdogo wangu aliridhia wajue anaumwa, bila kutajwa ugonjwa. Kama huna mtu, nenda kwa kikundi chako uwaambie hivi: nina matibabu Jumanne saa nne asubuhi, sitaruhusiwa kuendesha, nahitaji mtu wa kukaa nami mpaka saa saba. Hayo yanatosha.