Kabla hujagusa draiva: adapta ya Wi-Fi inayokatika-katika kwenye kompyuta ya mezani

Kompyuta nyingi za mezani zinazoingia maofisini na mashuleni kwetu ni za mtumba. Zina poti ya waya wa mtandao lakini hazina Wi-Fi, kwa hiyo mwenye nayo ananunua kiadapta cha USB, anakichomeka, na baada ya siku tatu anarudi: "Fundi, mtandao unakuja na kuondoka." Wewe uliyeanza kazi juzi utaambiwa na kila mtu kwamba tatizo ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kukitumia kifaa. Mara nyingi ni kweli. Ila ukianza moja kwa moja kupakua draiva, unaweza kumaliza siku nzima ukibadilisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Kazi hii ina mpangilio wake: hakikisha kwanza ni adapta inayokata, angalia ilipochomekwa, tambua chipu yake (kile kijisehemu cha ndani kinachofanya kazi ya Wi-Fi), halafu ndipo uiguse draiva. Na kila ukibadilisha jambo moja, pima kabla ya kubadilisha la pili.

Kupima ni rahisi. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, tazama mstari wa Default Gateway. Hiyo ni anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Fungua madirisha mawili, uandike amri moja kwa kila dirisha; ya kwanza inaiita ruta (weka anwani uliyoiona), ya pili inaiita seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti:

ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8

Cheza video huku madirisha yote yakiendelea, na uyaache robo saa. Ruta ikijibu kwa milisekunde chache bila kukosa huku 8.8.8.8 ikileta "Request timed out", kompyuta haina kosa. Bando limeisha au kampuni ya mtandao ina hitilafu. Ikiwa ruta yenyewe ndiyo inayopotea, au majibu yake yanaruka kutoka milisekunde 3 hadi 800 na kurudi, weka simu juu ya kompyuta hiyo hiyo, uiunganishe kwenye ruta ile ile. Simu nayo ikikatika, shughulika na ruta. Simu ikitulia, sasa una kesi ya adapta.

Usikimbilie draiva bado. Tazama poti. Poti za mbele ya kasha zimeunganishwa na ubao mama kwa waya mwembamba wa ndani, na kwenye mashine iliyotumika miaka mingi poti hizo zimelegea. Adapta inapotuma data kwa nguvu huhitaji umeme zaidi. Poti ya USB 2.0 imepangiwa miliampia 500, na waya mchovu ukipunguza volti adapta inajizima sekunde moja kisha inarudi. Mteja anaona Wi-Fi imekatika. Wewe ukitega sikio utasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa na kuchomekwa. Mlio huo ukisikika bila mtu kugusa kitu, anza na umeme: hamishia adapta nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mama, bila kigawanyo cha USB katikati.

Nyuma nako kuna mtego ambao mafundi wengi hawaujui. Poti za USB 3.0, zile za bluu, zinapofanya kazi hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Wi-Fi ya kawaida. Intel walilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka 2012. Kiadapta kidogo kama ukucha, kikikaa kando ya diski ya nje iliyochomekwa kwenye poti ya bluu, kinazibwa masikio. Dalili yake ni kwamba mtandao unakufa kila mtu anaponakili mafaili, na unafufuka akimaliza. Dawa ni waya wa kurefusha USB wa mita 1 na poti nyeusi ya USB 2.0. Itoe adapta nyuma ya kasha la chuma, iinue juu ya meza. Kabla na baada ya kuihamisha, andika:

netsh wlan show interfaces

Soma mistari ya Signal na Receive rate. Ikiwa Signal imepanda kutoka asilimia 40 hadi 80 kwa kuihamisha tu, umemaliza kazi bila kupakua chochote.

Sasa chipu. Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapopotea zaidi, kwa sababu wanasoma jina la kwenye boksi. Jina la boksi ni la mwuzaji. Draiva inaandikwa kwa ajili ya chipu iliyo ndani. Mfano unaojulikana sana ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271. Toleo la 2 na la 3 lina Realtek RTL8188EUS. Umbo linafanana, jina ni moja, lakini draiva ya la kwanza haina kazi kwa la pili. Vile viadapta visivyo na jina ndiyo kabisa: boksi linasema "Wireless-N" basi, na viwili vya rafu moja vinaweza kuwa na chipu tofauti.

Kinachosema kweli ni namba ya utambulisho. Kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, nenda Details, kisha kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama USB\VID_0BDA&PID_8179. VID ni mtengenezaji, PID ni kifaa chenyewe. 0BDA ni Realtek, na 8179 ni RTL8188EUS. 148F na 7601 ni MT7601U ya MediaTek. 0CF3 na 9271 ni ile Atheros. Iandike namba hiyo kwenye daftari lako, na utafute draiva kwa namba hiyo.

Kuna namba moja inayowatoa watu jasho: 0BDA na 1A2B. Ukiiona hiyo, adapta haijawa adapta bado. Inajionyesha kama CD yenye draiva ndani. Ukifungua This PC utakuta kidiski kipya. Endesha programu ya usakinishaji iliyomo, kisha kifaa kitabadilika chenyewe na kupata namba mpya, kwa mfano C811. Kikigoma kubadilika, bofya kile kidiski kwa kitufe cha kulia, chagua Eject.

Device Manager pia inakupa namba za makosa, na kila moja ina njia yake. Code 28 maana yake draiva haipo kabisa. Code 10 ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva si ya chipu hiyo au si ya toleo hilo la Windows. Code 43 ni kifaa chenyewe kuripoti hitilafu. Kijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya jambo lolote, maana huenda kimekufa na hakuna draiva itakayokifufua.

Utapakuaje draiva kwenye mashine isiyo na mtandao? Tumia simu ya Android. Iunganishe kwa waya wake wa data, washa USB tethering kwenye mipangilio ya hotspot, na Windows itaiona kama mtandao wa waya. Hapo hapo ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, uwashe Metered connection, vinginevyo Windows Update itaanza kujipakulia na kumaliza bando la mwenye simu kabla hujafika kwenye tovuti. Chukua draiva kwa mtengenezaji wa adapta au wa kompyuta. Zile programu za bure zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke: zinaweka draiva inayokaribiana badala ya inayofaa, na nyingi huja na takataka nyingine ambazo mteja atakulaumu wewe kwazo.

Kuweka draiva mpya juu ya ya zamani ndilo kosa linalorudiwa sana. Windows hutunza nakala za draiva zote ilizowahi kupewa, na kifaa kikichomekwa tena inachagua yenyewe. Futa hivi: Device Manager, bofya adapta kwa kitufe cha kulia, Uninstall device, weka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa na draiva yenyewe. Halafu bofya Scan for hardware changes. Adapta ikirudi ikiwa na draiva nyingine ya zamani, rudia. Endelea mpaka irudi na alama ya njano, bila draiva kabisa, au mpaka ibaki na ile ya Windows yenyewe tu. Chomoa adapta, zima na kuwasha kompyuta, sakinisha mpya, ndipo uchomeke tena.

Mpya zaidi nayo haina maana ya bora zaidi. Ikiwa adapta ilikuwa salama hadi Windows ilipojisasisha, nenda Properties, Driver, bofya Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chagua Update driver, kisha Browse my computer, kisha Let me pick from a list. Pale utaona matoleo yaliyohifadhiwa pamoja na namba zake. Chagua la nyuma.

Sehemu ya kuokoa umeme inastahili dakika zako tano kila mara, hata kama unaamini kosa ni jingine. Kwenye Properties za adapta, kichupo cha Power Management, ondoa tiki ya Allow the computer to turn off this device to save power. Fanya vivyo hivyo kwa kila USB Root Hub. Kisha Power Options, mipangilio ya kina (Advanced) ya mpango unaotumika, weka USB selective suspend kuwa Disabled na Wireless Adapter Settings kuwa Maximum Performance. Hii inatibu ile hali ya mtandao kufa mtu akienda kunywa chai na kurudi. Na ukiambiwa kwamba asubuhi kompyuta haioni Wi-Fi lakini ukifanya Restart inaona, zima Turn on fast startup. Ikiwa imewashwa, Shut down haizimi kikamilifu. Windows inahifadhi hali ya draiva kwenye diski na kuirudisha asubuhi pamoja na ubovu wake. Restart ndiyo inayoanza upya.

Mtandao usioonekana kwenye orodha wakati simu inauona, tazama chaneli ya ruta. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, adapta iliyopangwa kwa ajili ya soko la Marekani haiioni. Weka 1, 6 au 11. Na ikiwa ruta inatangaza GHz 5 peke yake, kiadapta cha GHz 2.4 hakitaiona milele; netsh wlan show drivers itakuonyesha kifaa kinaweza viwango gani.

Kwenye Linux hatua ni zile zile, amri ndizo tofauti. lsusb inakupa namba, na dmesg inasema kama kerneli, yaani kiini cha mfumo, imekosa draiva au fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe). Chipu kama AR9271, MT7601U na MT7612U zimo ndani ya kerneli, unachomeka, unatumia. Chipu kadhaa za Realtek za USB, RTL8812BU na RTL8821CU zikiwemo, ziliingia kwenye draiva ya rtw88 kuanzia kerneli 6.2, kwa hiyo kabla ya kujikusanyia draiva kutoka mitaani, tazama toleo la kerneli yako kwa uname -r. Pengine kusasisha mfumo kunatosha. Ukilazimika kujijengea draiva, tumia DKMS, inayoijenga draiva upya kila kerneli inaposasishwa, na uweke linux-headers, mafaili ya kerneli yanayohitajika kuijenga. Bila DKMS, moduli (draiva iliyojengwa) inajengwa kwa kerneli moja tu, na siku kerneli ikisasishwa Wi-Fi inapotea usiku mmoja. Ikiwa moduli imejengwa vizuri lakini inakataa kupakiwa kwa ujumbe wa "Key was rejected by service", hiyo ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika. Sajili ufunguo uliosaini moduli hiyo, au uizime Secure Boot kwenye BIOS. Mtandao ukisinzia, jaribu:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Jina wlan0 libadilishe kwa lile linaloonyeshwa na iw dev. Ikisaidia, ifanye hali hiyo iwe ya kudumu kwenye mipangilio ya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, kwa wifi.powersave = 2, maana amri ile peke yake inasahaulika ukizima mashine.

Ukishafika hapa na adapta bado inakatika kwenye kompyuta mbili tofauti, mwambie mteja anunue nyingine. Achague yenye chipu inayojulikana na antena ya nje. Kama kompyuta haihamishwi na ruta iko chumba cha jirani, mshauri awekewe waya wa mtandao. Tunalisema hili bila kusita, hata pale duka linapouza adapta na si waya.

Ikipona, usiondoke bado. Acha ping -t ikiendelea nusu saa huku mafaili yakinakiliwa. Kisha hifadhi draiva iliyofanya kazi. Andika pnputil /enum-drivers ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi, tafuta jina la oem la adapta, tengeneza folda kwenye flashi, na uandike:

pnputil /export-driver oem12.inf E:\draiva

Badilisha 12 kwa namba uliyoiona, na E kwa herufi ya flashi yako. Kwenye karatasi ya kunata andika VID, PID, toleo la draiva na tarehe, uibandike ndani ya kava la kompyuta, ambako fundi atakayeifungua baada yako ataiona kwanza.