Kionga: ndiyo, iliwahi kuwa upande wetu

Ndugu, umeuliza kama Kionga, pale kusini ya mto Ruvuma unapoingia baharini, iliwahi kuwa upande wetu, yaani Tanganyika (Tanzania Bara ya leo), enzi za koloni la Wajerumani. Ni kweli. Wajerumani waliikalia mwaka 1894, wakidai Wareno hawana haki kaskazini ya Rasi Delgado. Kipande kidogo tu, lakini kiliwapa kingo zote mbili za mlango wa mto. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, Wareno wakakichukua mwaka 1916, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakawaidhinishia. Ndiyo maana leo kiko Msumbiji. Kinachoniuma ni kwamba wenyeji hawakuulizwa lolote. Ruanda na Urundi nazo zilimegwa kutoka koloni hilohilo la Wajerumani wakati huohuo, zikapewa Ubelgiji, Tanganyika ikabaki kwa Mwingereza.