Maswali ya Wasomaji: Kujitolea Ujerumani, Wiki ya Kwanza

SWALI: Nimepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee, Hamburg. Nitapewa chumba kwenye fleti ya familia. Waliotangulia wananieleza habari za baridi tu. Nikifika nianze na lipi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Baridi dawa yake koti. Wengi wanakwama kwenye makaratasi, na makaratasi yote ya Ujerumani yanaanzia kwenye anwani.

Sheria inakutaka ujiandikishe ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Wenyewe wanaita Anmeldung. Nenda na pasipoti yenye viza, fomu ya usajili iliyojazwa, na karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung, ambayo mwenye nyumba anasaini kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Usidhani mkataba wa kupanga utaziba pengo la karatasi hiyo, utarudishwa. Katika miji mikubwa miadi hujaa mapema, basi mwombe mratibu wako akukatie ungali Mtwara. Ukipangiwa siku iliyo nje ya wiki 2, tunza ujumbe wa miadi kama ushahidi kwamba hukuzembea.

Ukishasajiliwa, barua zitaanza kuja: namba ya kodi yenye tarakimu 11, kadi ya bima ya afya, kadi ya benki, na namba ya siri ya kadi hiyo, ambayo hutumwa peke yake kwenye bahasha nyingine. Kwetu barua inakwenda S.L.P. na mtu anaifuata posta. Kule inaletwa hadi mlangoni, ila fleti nyingi hazina namba, kwa hiyo mtu wa posta anasoma majina kwenye visanduku vya barua vya jengo. Kisanduku kikiwa na jina la mwenyeji wako tu, tuseme Schneider, barua yako inarudi ilikotoka, na kadi inaanza kuombwa upya. Siku hiyohiyo unayofika, kabla hujafungua begi, omba ruhusa ubandike jina lako la ukoo kwenye kisanduku na kwenye kengele, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwenye fomu, chini ya jina lako andika c/o (yaani "kwa anwani ya") na jina la mwenyeji.

Barua moja huwatia watu kiwewe: ya ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi. Ada hiyo hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, hata mkiwa watano. Usiitupe, wala usikimbilie kulipa. Chukua namba ya malipo ya mwenyeji wako, uwajibu waliotuma barua kwamba nyumba hiyo inalipiwa tayari.

Kisha tazama viza yako inaisha lini. Kama ni fupi kuliko mkataba, ombi la kibali cha ukaazi liifikie ofisi ya wageni kabla ya tarehe hiyo. Ukiomba kwa wakati unalindwa huku ukisubiri majibu. Ukichelewa, kinga hiyo usiitegemee.

Usafiri: vituo vya treni za mjini havina mageti, na mgeni huona kama ni bure. Wakaguzi hupanda wakiwa na nguo za kiraia, na asiye na tiketi hulipa yuro 60 palepale au kwa bili. Uliza kama shirika linakulipia Deutschlandticket, tiketi ya mwezi mzima. Tangu Januari 2026 ni yuro 63 kwa mwezi; inapanda mabasi na treni za mjini na za mikoa nchi nzima, lakini si treni za mwendo kasi za ICE. Inajirudia yenyewe kila mwezi, na kuisitisha ni kabla ya tarehe 10 kupita.

Chumbani utakuta rejeta ya ukutani, yaani kipasha joto cha chumba, yenye kitufe cha namba 1 hadi 5. Aliyetoka kwenye joto la Mtwara hukipeleka 5 akitaka chumba kiwahi kupata moto. Hakiwahi. Namba hizo ni kiwango cha joto ambacho rejeta itajizuia ikikifikia. Namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha. Asubuhi na jioni zima rejeta, fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10, kisha funga. Ukiogopa baridi ukaliacha limefungwa siku nzima, tena ukaanika nguo humohumo, unyevu unaganda kwenye kona za ukuta na kuvu nyeusi inaota. Hapo ndipo maneno na mwenye nyumba yanapoanza.

SWALI: Binti yangu anakwenda hukohuko. Nimfungie nini cha nyumbani asije akanyang'anywa uwanja wa ndege?
Mama mzazi, Nachingwea

JIBU: Mama, nyama na maziwa viache kabisa, hata nyama iliyokaushwa. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa dagaa wakifunguka ndani ya begi atazifua nguo mara mbili. Asali isizidi kilo 2, na iwe kwenye begi la mzigo. Nazi, ndizi, nanasi na tende hazidaiwi cheti cha afya ya mimea. Embe linadaiwa, na ming'oko mibichi vilevile. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa mjazie, hizo hata wenyeji watamshukuru. Unga wa sembe usimbebeshe, maduka ya Waafrika wanao. Plagi zetu za pini tatu haziingii kule, basi anunue adapta mapema. Umeme wenyewe ni volti 230 kama wetu.

SWALI: Je, kazini nitapata nafasi ya kuswali?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Zungumza na msimamizi wiki ya kwanza, si baada ya kuonekana unatoweka. Anayefanya kazi zaidi ya saa 6 ana haki ya mapumziko ya dakika 30, yanayoweza kugawanywa mara mbili, dakika 15 kila moja. Desemba jua la Hamburg huzama mnamo saa kumi jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana ndani ya saa nne hivi. Juni linazama karibu saa nne usiku. Chukua ratiba ya msikiti wa mji huohuo, na kwa swala ya Ijumaa omba mapema zamu inayokuachia nafasi, kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa.