Muulize Bibi: Viazi vya kijani na chipsi chungu

SWALI: Shikamoo Bibi. Nakaanga chipsi Isevya, hapa Tabora mjini. Gunia nililonunua safari hii viazi vyake vilikuwa vimemwagwa juani sokoni. Nilipofika nyumbani nikakuta vingi vina ukijani, vingine vimeota. Mama mkwe anasema niviloweke usiku kucha kwa maji ya chumvi kama muhogo mchungu, halafu nivikaange sana, sumu itaisha. Mteja amelalamika chipsi ni chungu, na mwanangu wa miaka minne alitapika usiku baada ya kuzila. Nifanyeje? Na viazi vitamu navyo vina sumu hiyo? – Mama Chipsi, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguliwa. Viazi hivyo usivikaange tena.

Mama mkwe kwa muhogo ana hoja, ila usiku mmoja hautoshi. Sumu ya muhogo mchungu inapungua sana ukiuloweka siku kadhaa, ukautwanga na kuuanika, na wazee wetu wameishi kwa ujuzi huo. Kiazi mviringo ni habari nyingine. Sumu yake ni solanini na mwenzake chakonini. Maji ya kulowekea hayaitoi, kuchemsha hakuiondoi, na mafuta ya karai, hata yawe ya nyuzi 180, hayaimalizi. Kwa hiyo ukikaanga sana unapata chipsi kavu zenye sumu ileile.

Ule ukijani wenyewe hauna ubaya, ni rangi ileile ya mchicha. Ila mwanga unaouleta ndio pia unaokifanya kiazi kijijazie sumu, hasa kwenye ganda, kwenye macho na kwenye machipukizi. Inaniuma kuona viazi vimeanikwa kwenye turubai kutwa nzima ili mali ionekane, wakati gunia kuukuu la kufunikia lingetosha kuvinusuru.

Mtoto anaweza kutapika kwa sababu nyingi, lakini yeye ndiye wa kumwangalia zaidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2020 kwamba miligramu 1 ya sumu hizi kwa kila kilo ya uzito wa mwili inaweza kuleta dalili. Kwa mtoto wa kilo 15 hiyo ni miligramu 15 tu. Kiwango kinachokubalika katika kiazi ni miligramu 200 kwa kilo, na cha kijani kinaweza kuvuka hapo. Katika taarifa iliyochapishwa Uingereza mwaka 1979, wanafunzi 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki tangu muhula uliopita, 17 walilazwa. Wote walipona. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa: tumbo kusokota, kutapika, kuharisha, kichwa kuuma. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Akilegea, akiweweseka au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali bila kusubiri kukuche.

Sasa gunia lako. Chenye doa dogo la kijani, menya kwa unene, chimbua macho yote, kata mpaka ubaki weupe mtupu. Kilichoingia kijani ndani, kilichonyauka na kuota sana, tupa. Najua gunia ni pesa, lakini mteja akiumwa hapo kwako harudi. Ukionja chipsi ikawa chungu au ikawasha koo, mwaga karai zima. Vizima vihifadhi gizani, penye hewa, mbali na mwanga wa taa pia.

Viazi vitamu ni ukoo mwingine kabisa, havina solanini, na ndiyo maana matembele tunakula. Majani ya kiazi mviringo hayaliwi. Na hayo maganda ya kijani na machipukizi usimmwagie mbuzi, naye yanamdhuru, yafukie.