Kuzaa kawaida baada ya upasuaji mmoja

Dada, umeuliza kama ukiwa Mbale, Uganda, unaweza kuzaa kawaida baada ya kupasuliwa mara moja. Kwanza tafuta karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, kwa sababu kovu la ngozi halionyeshi mfuko wa uzazi ulikatwaje. Ukikatwa kwa mlalo upande wa chini, kina mama kama 3 kati ya 4 wanaojaribu hufaulu; kovu la mfuko hupasuka kwa takriban 1 kati ya 200. Ukikatwa wima kule juu, panga upasuaji. Kituo cha afya cha daraja la 3 hakina chumba cha upasuaji, kwa hiyo uchungu ukianza tu nenda hospitali ya rufaa. Tafadhali, mitishamba ya kuharakisha uchungu usiiguse kabisa: mfuko hubana kupita kiasi, kovu likaachia. Maumivu yakikaa bila kupoa kati ya uchungu mmoja na mwingine, mwite mkunga papo hapo.