Hata spika ina hatari, ndugu yangu

Umeuliza kama kuongea na simu kwa spika huku unaendesha kuna ubaya, maadamu mikono yote iko kwenye usukani. Ubaya upo, na mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara 4 ya asiyetumia, na kwamba spika au earphone hazina nafuu kubwa, kwa sababu kinachotekwa ni akili.

Hili nimelishuhudia. Nilikaa kiti cha mbele kwenye kosta, tunatoka Chalinze kwenda Morogoro. Dereva anabishana na mtu kwa spika kuhusu hela ya marejesho, macho yako mbele kabisa. Mbele yetu baiskeli ya mkaa, magunia matatu, inayumba. Akawa anaitazama tu, mguu haugusi breki, mpaka mama mmoja nyuma akapiga kelele: "Dereva, baiskeli!" Tulimpita yule kijana kwa upana wa kiganja. Mpaka leo nauona mgongo wake, fulana imeloa jasho.

Meseji ndiyo usiguse kabisa. Kwa spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiinama sekunde 5 umepita zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira bila kuona kitu.

Kabla ya kuwasha gari, zima mlio, simu itupe kiti cha nyuma au mpe konda. Ikiwa ya lazima, ingia sheli, paki, ongea mpaka umalize.